Dawa ya Saa Mbili, Mazoezi ya Saa Tatu

Mama Kasoki hapendi kusaidiwa. Nakwambia mapema, msomaji, ili usije ukashangaa baadaye.

Ana miaka sabini na mmoja. Alitoka Butembo, mashariki ya Kongo, akakaa kambini Uganda miaka mingi, kisha akafika Sydney pamoja na binti yake Ketsia. Sasa wanaishi Rooty Hill, katika nyumba ya kupanga yenye ngazi nne mlangoni. Ketsia anafunga mizigo ghalani. Hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi treni. Anayebaki na nyumba ni Mama Kasoki. Yeye ndiye humwamsha mjukuu, humsuka nywele, na kumpa chai na mkate. Mjukuu husemeshwa kwa Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza, na wanaelewana vizuri tu.

"Umenawa uso?" huuliza bibi, ambaye mjukuu humwita Koko.

"Yes, Koko."

"Na hizo tongotongo ni za nani? Za jirani?"

Basi mtoto hucheka na kurudi bafuni. Ndivyo asubuhi zao zilivyokuwa.

Siku moja ya mvua Mama Kasoki alibeba maganda ya ndizi kwenda kuyatupa kwenye pipa la kijani. Ngazi zilikuwa zimelowa. Aliteleza, akaanguka, akavunjika nyonga. Hospitalini alipasuliwa, akawekewa chuma. Baada ya siku sita akahamishiwa wodi ya mazoezi. Hiyo ni wodi ambako wagonjwa hujifunza tena kusimama, kutembea na kujihudumia kabla ya kurudi nyumbani. Jina la hospitali sitalitaja. Watu wa pale bado nasalimiana nao.

Wakati huo wodini walikuwapo wanafunzi watatu wanaojua Kiswahili. Walikuwa katika mafunzo kwa vitendo, yaani wanajifunza kazi kwa kuwahudumia wagonjwa chini ya wasimamizi. Wa kwanza ni Nkatha, msichana wa Meru, Kenya, anayeishi Merrylands. Yeye anasomea uuguzi. Wa pili ni Trésor, kijana wa Kikongo. Anasomea fiziotherapia, kazi ya kurudisha nguvu za viungo. Wa tatu ni Armelle, kutoka Burundi. Anasomea ufamasia, kazi ya dawa.

Wakubwa wa wodi walifurahi. Mgonjwa anazungumza Kiswahili, na wanafunzi wanazungumza Kiswahili. Bahati iliyoje! Wote watatu wakapewa Mama Kasoki.

Walikuwa watoto wazuri, wenye bidii na adabu. Ila kila mmoja alikuwa na daftari lake la sahihi. Ukifanya kazi vizuri, msimamizi wako hutia sahihi. Sahihi zisipotimia, hutafaulu. Basi kila mmoja alikimbiza sahihi zake. Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Mengi yalikuwapo kweli, lakini kila mtu alikuwa amekalia lake.

Sasa ona mambo yalivyokwenda siku ya Jumanne.

Saa mbili asubuhi Nkatha alifika na vidonge.

"Habari ya asubuhi, Mama Kasoki? Niambie jina lako na tarehe ya kuzaliwa."

Mama Kasoki akataja. Akameza vidonge kwa funda moja la maji, akarudisha kikombe mezani. Kilikuwa kimejaa.

"Uko sawa, Mama?"

"Niko sawa, mutoto wangu."

Nkatha akaandika: dawa amekunywa, yuko sawa. Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Saa tatu akaja Trésor na fremu ya kutembelea.

"Bonjour, Maman Kasoki! Leo tunasimama, si ndiyo? Nikumbushe tarehe ya kuzaliwa."

Mama Kasoki akataja tena. Halafu akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Leo hapana, mutoto wangu. Nimechoka. Kesho."

"Hata jana ulisema kesho, Maman."

"Kesho ya jana si kesho ya leo."

Trésor akabembeleza, akashindwa. Akaandika: mgonjwa amekataa mazoezi. Ilikuwa mara ya tano.

Saa nne akaja Armelle na orodha ya dawa. Naye alianza na tarehe ya kuzaliwa.

"Tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa!" Mama Kasoki alisema. "Juu ya nini munaniuliza kila saa? Kuna mutu anataka kunioa?"

Armelle akacheka, akauliza maswali yake kumi na mawili, akaandika majibu yake, akaenda. Wala hakujua kwamba maswali manane kati ya hayo Nkatha alikuwa ameshayauliza.

Saa kumi jioni Ketsia alifika moja kwa moja kutoka ghalani, bado amevaa fulana yake ya rangi ya chungwa. Daktari wa wodi akamwita pembeni.

"Mama yako hatembei," daktari alimwambia. "Anakataa mazoezi. Ijumaa ya wiki ijayo tutakuwa na kikao. Kama hataweza kutembea na kupanda ngazi zenu nne, hatakuwa salama nyumbani peke yake. Itabidi tuzungumze habari ya nyumba ya kutunzia wazee."

Ketsia alirudia maneno hayo moyoni: nyumba ya kutunzia wazee. Mama yake akalale kati ya wageni, ale chakula cha wageni, asisikie mtu wa kumtania? Na yeye mwenyewe aliapa, tangu kambini, kwamba hawatatengana tena.

Kwenye korido akamkuta Trésor. Hawakuwa wageni. Trésor huimba kwaya katika kanisa lao, linalokutana kwenye ukumbi wa shule kule Blacktown. Kila Jumapili husimama mstari wa mbele, shati jeupe, sauti kama tarumbeta.

"Wewe Trésor!" Ketsia alisema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Unasali na mama yangu kila wiki, na kumsimamisha tu kunakushinda?"

Trésor aliumia. Ketsia alipoingia kwa mama yake, yeye akamgeukia Nkatha, aliyekuwa akipita na shuka.

"Nyinyi manesi hamumtayarishi," alisema. "Kila siku namkuta amejifunika."

"Ati nini?" Nkatha akaweka shuka chini. "Kwani kusimamisha watu ni kazi yangu? Mimi yangu nimefanya. Angalia daftari!"

"Na yangu pia nimefanya!"

Ningekuwapo ningewafinya masikio wote wawili. Mgonjwa yuko kitandani wiki nzima, na wao wanashindana nani amefanya kazi!

Bahati nzuri alikuwapo mtu wa kuwasikia. Huyo ni Sista Zilpah, muuguzi kutoka Kisii, mwenye miaka ishirini kazini. Kazi yake pale ni kuwalea wanafunzi wa fani zote. Ni mfupi, huvaa viatu vya kijani, na masikio yake hayajawahi kwenda likizo.

"Punguzeni sauti. Hapa kuna wagonjwa," alisema. "Kesho saa tano, nyote watatu, chumba cha chai. Njooni na madaftari yenu."

Kesho yake asubuhi Mama Kasoki alikataa tena. Saa tano wanafunzi wakaketi, kila mtu amekumbatia daftari lake. Sista Zilpah akamimina chai kwanza. Hana haraka, huyo mama.

"Leo sitaki mtu anieleze kazi yake," alisema. "Atanieleza kazi ya mwenzake. Nkatha, Trésor anataka Mama Kasoki afike wapi wiki hii?"

Nkatha akapekua daftari lake.

"Atembee?" alisema.

"Kutoka wapi mpaka wapi? Kwa kutumia nini? Na nyumbani kuna ngazi ngapi?"

Nkatha hakujua.

"Trésor, Mama Kasoki anakunywa dawa gani, na saa ngapi?"

"Dawa ni za... Sista, hizo ni za Armelle na Nkatha."

"Haya. Armelle, wewe wa dawa. Jana Mama alikunywa vikombe vingapi vya maji? Alipojaribu kusimama alijisikiaje?"

"Sikumuuliza," Armelle alisema.

"Kwa hiyo," Sista Zilpah alisema, "Mama Kasoki ana wahudumu watatu, na hakuna hata mmoja anayemjua. Trésor anajua miguu. Nkatha anajua meza ya kitandani. Armelle anajua vidonge. Mama mzima yuko wapi?"

Trésor alikuwa ameona haya mpaka masikio yamewaka.

"Siwagombezi," Sista Zilpah alisema, ingawa alikuwa anawagombeza. "Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilidhani kushirikiana ni kusalimiana tu kwenye lifti. Kaeni hapa nusu saa. Msomeane mlichoandika. Someni polepole, kama barua ya nyumbani. Mkimaliza mniite."

Akaondoka. Wakatazamana.

"Aki, tuanze tu," Nkatha alisema. "Trésor, soma."

Trésor akasoma. "Jumatano iliyopita: mgonjwa aliketi ukingoni mwa kitanda. Kizunguzungu. Alisema chumba kinazunguka. Nikamrudisha kulala. Alhamisi: amekataa. Ijumaa: amekataa..."

"Ngoja," Armelle alisema. "Kizunguzungu? Mbona hukuniambia?"

"Niliandika."

"Uliandika kwenye ukurasa wako! Nkatha, maji anakunywa?"

Nkatha akapekua. "Anakunywa kidogo. Daktari amempangia vikombe sita kwa siku, visizidi, kwa sababu moyo wake ni dhaifu. Hafikishi viwili. Kila siku mchana nakuta kikombe kimejaa. Nilidhani hapendi maji ya hapa."

"Na saa mbili unampa dawa ya kutoa maji mwilini. Ile ya kupunguza uvimbe wa miguu."

"Ndiyo. Saa mbili kamili."

Armelle akaweka kikombe chini. "Dawa hiyo huanza kufanya kazi ndani ya saa moja. Ukimeza saa mbili, saa tatu unatafuta choo mbio mbio."

"Saa tatu ndipo mimi ninapoingia," Trésor alisema taratibu.

"Wah!" Nkatha akashika kichwa. "Na wewe ukishatoka tu, saa tatu na nusu, ananibonyezea kengele nimpeleke chooni kwa kiti cha magurudumu. Kila siku! Mimi nikafikiri ndiyo saa yake."

Jambo lililowashinda wiki nzima lilikuwa mezani, katikati ya vikombe vya chai.

"Lakini mbona hasemi?" Trésor aliuliza. "Aseme tu: Trésor, nataka kwenda chooni. Mimi ni mtu wake. Mimi ni wa kanisa lake!"

Nkatha akamtazama sana.

"Hebu wewe baki hapa," alisema. "Mimi na Armelle tunaenda."

Mama Kasoki alikuwa anatazama dirishani. Wasichana wakavuta viti, wakaketi. Hilo peke yake lilimshangaza, maana siku zote walimsemesha wamesimama.

"Mama, tumekuja na swali moja," Nkatha alisema. "Hatutaandika kitu. Ni nini kinakuzuia asubuhi?"

Mama Kasoki akaangalia mlangoni.

"Yule kijana iko wapi?"

"Yuko mbali."

"Funga pazia."

Nkatha akavuta pazia. Mama Kasoki akashusha sauti.

"Niko nasikia haya, watoto wangu. Ile dawa ya asubuhi iko inanikimbiza. Nikimeza, kidogo tu, mukojo iko inakuja na nguvu. Sasa Trésor anakuja, anasema simama. Nikisimama itatoka, pale pale chini. Mbele ya Trésor! Trésor wa kwaya! Siku ya Mungu atasimama mbele yangu na shati nyeupe, anaimba, na mimi nitamutazama na macho gani?"

Macho yake yakajaa machozi. Armelle akamshika mkono.

"Na maji, Mama?"

"Niliacha kunywa. Hakuna maji, hakuna mukojo. Si ni akili hiyo?"

"Ni akili, Mama," Armelle alisema. "Lakini ndiyo inayokuzungusha kichwa. Dawa inatoa maji, na wewe huongezi mengine. Ukisimama, damu haifiki vizuri kichwani. Ndiyo maana chumba kinazunguka. Ukianguka tena, tutakulaumu wewe au tutajilaumu sisi?"

"Mbona hukuniambia mimi?" Nkatha aliuliza. Sauti yake ilikuwa na uchungu. "Nakuja kila asubuhi."

"Unakuja na karatasi. 'Uko sawa?' Nasema niko sawa. Unaandika, unaenda. Mutu akiulizwa uko sawa, atajibu nini?"

Nkatha aliona kosa lake. Ni kweli. Alidhani kwa sababu wanasema lugha moja, basi wameelewana.

"Mficha uchi hazai, Mama," alisema mwishowe, kwa upole.

"Mimi?" Mama Kasoki akafuta macho, akacheka. "Mimi nimezaa sita!"

Wakacheka wote watatu nyuma ya pazia.

"Turuhusu tumwambie Trésor," Nkatha alisema. "Bila ruhusa yako hatasikia kitu."

Mama Kasoki akafikiri. "Mumuambie. Lakini mukiwa mbali, nisione uso wake."

Wakamwita Sista Zilpah. Trésor alipoambiwa aliinamisha kichwa.

"Nilidhani kunijua ni faida kwake," alisema.

"Kwenye salamu ni faida," Sista Zilpah alimjibu. "Kwenye choo ni mzigo. Siku ya kwanza ungemwambia msimamizi wako: huyu mama tunasali pamoja. Mgonjwa angeulizwa anataka ahudumiwe na nani. Si kosa kumjua mtu. Kosa ni kumchagulia."

Basi Sista Zilpah akaenda kumuuliza Mama Kasoki mwenyewe. Je, aletewe mwanafunzi mwingine? Mama Kasoki alichukua muda wake wote.

"Trésor abaki," alisema. "Mikono yake ni mizuri, haiko inanivuta. Lakini asiingie mpaka Nkatha aseme niko tayari. Na nikisema pumzika, atoke. Asiniulize juu ya nini."

"Atatoka," Sista Zilpah alisema. "Nitamfundisha kutoka."

Mchana huo wanafunzi walikwenda pamoja kwa wasimamizi wao na kwa daktari. Hawakwenda mmoja mmoja. Armelle alieleza dawa, Nkatha akaeleza maji na choo, Trésor akaeleza kizunguzungu. Daktari akapima shinikizo la damu la Mama Kasoki akiwa amelala, kisha akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Lilishuka sana. Akaagiza damu ipimwe. Akapunguza kidogo dawa ya kutoa maji, na akaihamishia saa nne na nusu, baada ya mazoezi.

Hapo nisikilize vizuri, msomaji. Wanafunzi hawakuhamisha dawa wao wenyewe. Na wewe nyumbani usihamishe dawa zako eti kwa sababu umesoma hadithi hii. Muulize daktari wako au mfamasia wako. Kuuliza si ujinga.

Kisha wakaandika karatasi moja, si tatu. Wakaibandika ukutani karibu na kitanda, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Ilisema saa ya choo, saa ya mazoezi, saa ya dawa, na vikombe sita vya maji vya kutiwa alama kila kimoja kikishanywewa. Juu kabisa waliandika maneno ya Mama Kasoki mwenyewe alipoulizwa anataka nini: *Nataka kupanda ngazi zangu nne na kumusuka mujukuu wangu.*

Na wakawekeana sheria: kabla hujaandika ukurasa wako, soma wa mwenzako.

Alhamisi asubuhi walikuja wote watatu saa mbili. Nkatha alimpeleka Mama Kasoki chooni. Alimpa maji akayanywa, akakaa kidogo ukingoni mwa kitanda ili kichwa kitulie. Trésor alisubiri nje ya pazia, kimya kama mtu anayeposa.

"Tayari," Nkatha aliita.

"Maman, naweza kuingia?"

"Ingia."

Mama Kasoki akashika fremu, akasimama. Trésor alimwonyesha Nkatha mahali pa kushika kiunoni, ili naye aweze kumsimamisha jioni. Hapo kabla Nkatha alikuwa akiwavuta wagonjwa mabega, hakujua kwamba ni vibaya. Mama Kasoki alipiga hatua nne, akageuka, akarudi.

"Leo sikuulizwa tarehe ya kuzaliwa," alisema akihema. "Ile ndoa imekufa?"

"Nitakuuliza kabla ya vidonge, Mama," Nkatha alicheka. "Lazima, ili tusikupe dawa ya mtu mwingine. Lakini hayo maswali mengine tumeyaunganisha. Ukimjibu mmoja, umetujibu wote."

"Voilà. Sasa mumekuwa na akili."

Usidhani yote yalikwenda sawa. Ijumaa nyonga ilimuuma, hakufika hata mlangoni. Jumamosi alisema "pumzika" katikati ya hatua ya tatu. Trésor alimkabidhi kwa Nkatha na kutoka bila neno, akasimama kwenye korido akisoma tangazo la kunawa mikono mara nne. Jumatatu Armelle aliona kwamba dawa ya maumivu inampa usingizi asubuhi. Zamani angeandika tu. Safari hii alimwambia Nkatha, Nkatha akamwambia Trésor, na wote wakamwambia daktari kabla ya saa sita. Jumatano Mama Kasoki alipanda ngazi mbili za mazoezi. Alhamisi akapanda nne. Kule juu alisimama akatazama chini.

"Maganda yangu iko wapi?" aliuliza. "Nitupe."

Ijumaa ya kikao ikafika. Mama Kasoki aliketi kitini amefunga kitambaa chake kizuri cha kichwa. Ketsia aliomba ruhusa kazini, akaketi karibu naye akiwa amekunja mikono kwa hofu. Mkalimani rasmi alikuwa kwenye simu, kwa sababu kwa uamuzi mkubwa kama huo wanafunzi hawaruhusiwi kuwa wakalimani, hata wajue lugha namna gani.

Daktari alipowageukia wanafunzi, Sista Zilpah akakohoa kidogo. Walijua maana yake: kila mmoja aeleze kazi ya mwenzake.

Nkatha akaanza. "Anatembea mita ishirini na tano kwa fremu. Anapanda ngazi nne akishika reli, mtu akiwa karibu."

"Sasa anakunywa vikombe sita kwa siku," Trésor alisema. "Dawa yake ya kutoa maji anaimeza saa nne na nusu. Tangu Jumatatu hajapata kizunguzungu."

"Na anajua kumwita mtu mapema anapotaka choo," Armelle alisema. "Haoni haya tena. Karibu asione."

Daktari akatabasamu. Akamuuliza Mama Kasoki mwenyewe, kupitia mkalimani, kama ana la kusema.

"Ninalo," alisema Mama Kasoki. "Hawa watoto mbele walikuwa watatu. Sasa wamekuwa kitu kimoja. Ninataka kwenda kwangu."

Ikaamuliwa aende nyumbani Jumanne. Reli zingefungwa kwenye ngazi kabla hajafika. Muuguzi wa kutembelea majumbani angekuja mara mbili kwa wiki, na mtu wa mazoezi mara moja. Ketsia alilia waziwazi, bila kujificha, akamkumbatia Trésor.

"Nisamehe maneno yangu ya siku ile," alisema.

"Yalinisaidia," Trésor alisema. "Yaliuma, lakini yalinisaidia."

Madaftari yao yalipata sahihi. Lakini Sista Zilpah aliongeza kitu chake. Kila mmoja alitakiwa kuandika ukurasa mmoja kuhusu alichojifunza katika kazi ya mwenzake. Nkatha aliandika kurasa tatu. Siku hizi, wanafunzi wapya wanapokuja wodini, Sista Zilpah huwakalisha chumba cha chai siku ya kwanza kabisa, hasubiri wagombane.

Jumapili ya pili baada ya kurudi Rooty Hill, Mama Kasoki alikwenda kanisani. Ketsia alimweka mstari wa mbele, fremu pembeni yake, mjukuu kulia kwake na nywele zilizosukwa vizuri. Trésor alipopita alimsalimu kama anavyowasalimu akina mama wote. Hakuuliza habari ya nyonga. Hakuuliza habari ya dawa. Yaliyosemwa nyuma ya pazia aliyaacha nyuma ya pazia, na Mama Kasoki aliliona hilo.

Kwaya ikasimama, mashati meupe. Trésor akaanza wimbo. Katikati ya ubeti wa pili Mama Kasoki alishika fremu yake.

"Maman, unakwenda wapi?" Ketsia alinong'ona. "Subiri nikusaidie."

"Kaa chini," Mama Kasoki alisema, na hakunong'ona. "Ninakwenda chooni."

Akasimama mwenyewe. Akapita mbele ya kwaya nzima, polepole, kichwa juu. Alipofika mbele ya Trésor alimtazama usoni, macho kwa macho. Trésor akaongeza sauti. Kanisa lote likadhani ni Roho amemshukia, wakapiga makofi.

Alirudi wimbo ukiwa haujaisha, akaketi, akamwomba mjukuu maji ya kunywa. Akanywa kikombe chote.